Ziwa Tanganyika lifanyiwe tathmini yake ya hatari ya mafuta kabla meli hazijaongezeka

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi katika gazeti lako nizungumzie jambo ambalo sisi wakazi wa mwambao wa Ziwa Tanganyika tunaliona kila siku lakini tunalijadili kwa nadra, nalo ni petroli na dizeli zinazosafirishwa juu ya maji yaleyale tunayokunywa na kuvua samaki. Sehemu kubwa ya maisha yangu niliitumia katika vyumba vya injini za vyombo vya ziwa hili, na sasa nimestaafu hapa Ujiji. Siandiki kuwalaumu watu wa bandari wala wenye meli, ambao wengi wao ni wenzangu na wadogo zangu kikazi. Naandika kuomba kwamba usafirishaji wa mafuta katika Ziwa Tanganyika ufanyiwe tathmini kamili ya hatari, tathmini inayotokana na hali ya ziwa hili na si iliyoazimwa kutoka baharini, na kwamba matokeo yake yatangazwe kwa Kiswahili ili wavuvi na wenyeviti wa vijiji wayasome.

Wasomaji walio mbali na huku wafahamu kwamba Kigoma ndiko Reli ya Kati inakoishia tangu mwaka 1914, na kwamba kutoka hapa mzigo huvuka maji kwenda Kalemie, Uvira, Bujumbura na Mpulungu. Mafuta hutufikia kwa mabehewa ya matangi na kwa malori, kisha hupakiwa katika meli ya mafuta MT Sangara, katika matishari, na sehemu yake hutiwa katika mapipa na madumu yanayopelekwa na boti za mbao kwenye vijiji ambavyo barabara haijavifikia vizuri. Reli ya kisasa kutoka Tabora kuja Kigoma iko njiani, bandari ndogo za mwambao zimeboreshwa, na meli mpya ya mizigo ya tani 3,500 imekwishatangazwa kwa ajili ya ziwa hili. Nafurahia yote hayo kwa moyo mweupe, kwa sababu nayajua maisha ya mji ambao meli zake zimesimama. Hata hivyo safari zikiongezeka, nafasi ya ajali nayo huongezeka, na wakati wa kuipima ni sasa, wakati magati yanachorwa na mikataba inaandikwa, kwa kuwa kuongeza kinga baadaye ni ghali zaidi na mara nyingi hakufanyiki.

Ziwa lenyewe ndilo linalofanya hesabu yetu iwe tofauti na ya watu wa Dar es Salaam au Tanga. Lina urefu wa kilomita 673 na kina kinachofikia mita 1,470, na limebeba takribani asilimia 17 ya maji yote baridi yaliyo juu ya uso wa dunia, lakini mto unaotoa maji yake ni mmoja tu, Lukuga, upande wa Kalemie. Ni kama mtungi mkubwa wenye shingo nyembamba: kinachoingia humo hukaa. Zaidi ya hapo, maji ya chini hayachanganyiki na ya juu. Ukishuka kiasi cha mita mia moja upande wa kaskazini, na mita mia mbili na ushei upande wa kusini, oksijeni inakwisha, na viumbe karibu wote, wakiwemo dagaa, migebuka na mamia ya aina za samaki wa mawe wasiopatikana kwingine kokote, wanaishi katika tabaka hilo jembamba la juu. Mafuta nayo huelea juu. Kwa hiyo mtu asijifariji kwamba ziwa ni kubwa na lita elfu chache zitapotea ndani yake, kwa sababu sehemu iliyo hai ya ziwa ni ndogo kuliko ukubwa unaoonekana kwenye ramani. Yale mafuta mazito yanayozama kwenye giza lisilo na oksijeni huoza polepole mno, na maji baridi, kwa kuwa ni mepesi kuliko ya chumvi, huyaachia yazame baadhi ya mafuta ambayo baharini yangeelea.

Baharini hatari hii imepungua sana, na tunapaswa kujua imepunguaje. Katika miaka ya 1970, meli za mafuta duniani zilisababisha kwa wastani umwagikaji mkubwa zaidi ya 24 kila mwaka, nikimaanisha ule unaozidi tani 700. Katika muongo wa 2010 wastani huo ulishuka chini ya 2 kwa mwaka, ingawa mafuta yanayosafirishwa yaliongezeka. Mabadiliko hayo yalilipiwa kwa maafa. Torrey Canyon ilipopasuka kwenye miamba ya kusini-magharibi mwa Uingereza mwaka 1967 na kumwaga zaidi ya tani 100,000 za mafuta ghafi, dunia iliona kwamba haikuwa na sheria wala vifaa, na mkataba wa kimataifa wa kuzuia uchafuzi kutoka melini ukafuata mwaka 1973 na kuongezewa itifaki mwaka 1978. Exxon Valdez ilipokwama Alaska mwezi Machi 1989 na kumwaga kiasi cha tani 37,000, ndipo meli mpya za mafuta zikaanza kulazimishwa kuwa na kuta mbili. Ila kanuni hiyo ya kuta mbili haivigusi vyombo vyenye uwezo wa chini ya tani 600. Vyombo vinavyobeba mafuta katika maziwa yetu mara nyingi ni vya ukubwa huo mdogo, na hata vingekuwa vikubwa zaidi, mkataba wenyewe uliandikwa kwa kuifikiria bahari. Usalama ulioongezeka duniani haukuja wenyewe hadi mwaloni kwetu Kibirizi, hapa Kigoma.

Tathmini ya hatari, kwa wasioizoea, huuliza maswali mawili kuhusu kila tukio linaloweza kutokea: lina uwezekano gani wa kutokea, na likitokea litaumiza nini na kwa muda gani. Majibu huzidishwa pamoja ili kuamua pesa na nguvu zielekezwe wapi kwanza. Kosa linalofanywa mara nyingi ni kuitazama ajali kubwa peke yake, kwa kuwa ndiyo inayotisha, na kuyasahau yanayotokea kila wiki.

Yanayotokea kila wiki hutokea gatini. Takwimu za dunia zinaonyesha kwamba umwagikaji mdogo, ule usiofika tani 7, hutokea zaidi wakati wa kupakia na kupakua, na mtu yeyote aliyefanya kazi kwenye gati la mafuta hahitaji takwimu kuliamini hilo. Mpira wa mafuta unapofunguliwa kwenye maungio baada ya kazi huwa bado una mafuta ndani. Kama koki haikufungwa kwanza, kama mpira haukuinuliwa ili mafuta yaliyobaki yarudi tangini, na kama hakuna beseni chini ya maungio, lita kadhaa huingia majini kila mara, na hakuna anayeziandika popote. Kwenye gati moja niliona beseni limewekwa mahali pake sawasawa, lakini mvua ya usiku ilikuwa imelijaza maji hadi ukingoni, kwa hiyo kila tone la dizeli lililodondoka lilielea juu ya maji hayo, likateleza hadi pembeni na kushukia ziwani. Mkaguzi angefika asubuhi ile angeandika kwamba beseni lipo, na angekuwa amesema kweli. Ndiyo maana nasisitiza kwamba tathmini ifanywe na watu watakaosimama gatini wakati wa kazi, usiku na wakati wa mvua, pamoja na kusoma orodha ya vifaa. Waulizwe pia makuli na wasaidizi wa pampu, kwa sababu wao ndio wanaojua mpira upi umechoka na umefungwa kwa mpira wa baiskeli.

Kundi la pili ni la boti za mbao. Boti ya mizigo inayoondoka jioni kwenda kusini ikiwa na abiria, magunia ya unga, vitanda na mapipa ya petroli ni hatari ya moto kabla hata haijawa hatari ya uchafuzi, na watu wake ndio wa kufikiriwa kwanza. Katika kipindi cha kusi, yaani upepo wa kutoka kusini, mawimbi ya ziwa hili hupanda kwa muda mfupi, na nahodha aliyezidiwa hutupa mzigo majini ili kuokoa roho za watu, jambo ambalo hakuna mwenye akili atakayemlaumu. Lakini mapipa hayo hayatoweki. Huelea au huzama karibu na ufuko, hupata kutu na hatimaye huvuja. Sidhani dawa yake ni kupiga marufuku, kwa kuwa zahanati, mashine za kusaga na injini za boti zenyewe katika vijiji hivyo zinategemea mafuta hayo. Dawa ni kuwa na vyombo maalumu vya kupeleka mafuta kwa ratiba inayojulikana, bila abiria, mapipa yakiwa yamefungwa na kuandikishwa, na hapa ndipo ruzuku ndogo ya Serikali ingefanya kazi kubwa kuliko faini.

Kuhusu ajali kubwa nitatoa mfano mmoja ambao ungepaswa kufundishwa kila mahali penye bandari. Tarehe 25 Julai 2020 meli Wakashio ilipanda kwenye miamba ya matumbawe ya Mauritius. Haikuwa meli ya mafuta; ilikuwa meli kubwa ya kubeba shehena kichele, yaani mzigo usiofungashwa kama nafaka au madini, na ilikuwa tupu, na mafuta iliyokuwa nayo ni yale ya kuendeshea injini zake tu. Mafuta yalianza kuvuja Agosti 6, siku 12 baada ya kukwama, na takribani tani 1,000 ziliingia katika wangwa na fukwe za kisiwa kile. Siku 12 ni muda mrefu kwa nchi iliyojiandaa, na ni mfupi sana kwa nchi inayoanza kutafuta pampu na vizuizi baada ya meli kukwama. Wananchi wenyewe walishona vizuizi vya kuelea kwa vitambaa na majani makavu ya miwa, wakavivuta baharini kwa mikono. Nawaheshimu sana watu wale. Ila nisingependa kuwaona akina mama wa Kibirizi na Katonga wakilazimika kufanya hivyo, tena katika maji wanayochota kunywa.

Wakashio inatufundisha pia kwamba meli yoyote yenye tangi la mafuta iingizwe katika hesabu, hata kama kazi yake ni kubeba saruji au abiria. Ziwa letu lina jambo moja zaidi ambalo bahari ya pwani mara nyingi haina: ufuko wake katika sehemu nyingi hushuka ghafla, na chombo kikizama mbali kidogo na nchi kavu kinaweza kukaa mahali ambapo hakuna mzamiaji atakayekifikia kuziba tundu la tangi. Mafuta yatapanda yenyewe kidogo kidogo, kwa miaka. Kwa chombo cha namna hiyo, kinga pekee ni ile inayofanyika kabla hakijang'oa nanga.

Sasa niseme kuhusu upepo, ambao naona ndio moyo wa tathmini yenyewe. Kwa kawaida mafuta yaliyo juu ya maji husukumwa na upepo kwa kasi ya karibu asilimia 3 ya kasi ya upepo huo, ukiongeza au kupunguza nguvu ya mkondo. Kuanzia Mei hadi Septemba kusi hutawala na kuyasukuma maji ya juu kuelekea kaskazini. Chukua upepo wa kilomita 35 kwa saa: mafuta yatasafiri kiasi cha kilomita moja kila saa. Hifadhi ya Gombe iko karibu kilomita 16 kaskazini mwa mji wa Kigoma. Mafuta yakimwagika jioni karibu na mji, na kusi likaendelea kuvuma, asubuhi ya siku inayofuata yatakuwa yanaigusa miamba ya Gombe, yakiwa yamekwishapita mbele ya vijiji vyote vilivyo katikati, na baada ya Gombe iko Burundi. Mchana kuna upepo unaotoka ziwani kwenda nchi kavu, nao huyaleta mafuta ufukoni. Usiku hali hugeuka. Mvuvi wa dagaa anayajua haya yote bila kusoma, kwa kuwa ndiyo anayoyatumia kuamua ashushe taa wapi. Ramani ya mwelekeo wa mafuta kwa kila msimu inaweza kuchorwa kwa kumchanganya mvuvi huyo na watafiti wa TAFIRI, taasisi ya utafiti wa uvuvi, walio hapahapa Kigoma, na gharama yake haifiki bei ya boti moja nzuri ya doria.

Juu ya ramani hiyo viwekwe vitu vinavyoumia zaidi. Cha kwanza ni mlango wa maji ya bomba, kwa maana mji wetu unakunywa ziwa, na kiasi kidogo sana cha dizeli kinatosha kuyaharibu maji kwa harufu na ladha, sembuse kwa afya. Ni lazima ijulikane tangu leo nani mwenye amri ya kuzima pampu saa nane za usiku, na mji una akiba ya maji ya saa ngapi baada ya pampu kuzimwa. Cha pili ni mialo ya dagaa. Dagaa huanikwa mchangani au kwenye vichanja hatua chache kutoka majini, na utando mwembamba wa mafuta ambao jicho halikuuona usiku huingia kwenye nyavu, kwenye ngalawa na kwenye mikono ya wanaoanika. Mfanyabiashara aliyetoka Tabora au Kasulu akinusa dizeli katika gunia moja hatalikataa gunia hilo peke yake. Ataacha kununua kwetu msimu mzima na kuwaambia wenzake. Kuna pia mdomo wa Mto Malagarasi upande wa Ilagala, wenye matete ambayo mafuta yakishaingia hayatoki bila kuyang'oa matete yenyewe, halafu miamba wanakozalia samaki wa mawe. Ufuko wa mchanga mtupu unaweza kusubiri zamu yake. Huu si ukatili kwa mchanga. Siku ya tukio vifaa havitatosha kila mahali, na ni afadhali ugomvi wa nani alindwe kwanza umalizwe mezani kabla ya siku hiyo.

Vifaa vyenyewe navyo vina mipaka yake, na viongozi wanaoahidi vifaa wangefaa kuijua. Vizuizi vinavyoelea huanza kupitisha mafuta chini yake mkondo unapofikia karibu sentimita 35 kwa sekunde, na mawimbi huyarusha juu yake. Kemikali za kutawanya mafuta nyingi zimetengenezwa kwa maji ya chumvi, na hata zile zinazofaa maji baridi si za kumwagwa karibu na maji ya kunywa. Hata katika nchi tajiri, mafuta yanayokusanywa tena kutoka juu ya maji baada ya ajali kubwa mara chache huzidi asilimia 10 hadi 15 ya yaliyomwagika. Kwa hiyo vifaa vinaweza kulinda sehemu chache muhimu tukivifikia mapema, na havitalisafisha ziwa. Dar es Salaam iko zaidi ya kilomita 1,200 kwa reli kutoka hapa. Mpango wowote unaosema kwamba vifaa vitaletwa kutoka pwani ni mpango wa kufika baada ya mafuta kufika Gombe. Ghala la vizuizi, pampu na matambara ya kunyonya mafuta lazima liwe Kigoma, na makasha madogo yawe Kasanga, Karema na katika magati mengine yanayoshusha mafuta, huku funguo zake zikiwa kwa mtu anayelala karibu na si ofisini wilayani.

Niliyoyafanya kwa mikono yangu kwa miaka mingi ni kazi ya chumba cha injini, kwa hiyo wasomaji wanisamehe nikikaa kidogo kwenye maji ya ngama na oili chafu. Kila chombo chenye injini hukusanya maji chini ya chumba chake, yakichanganyika na dizeli na vilainishi vinavyovuja. Baharini, meli kubwa hulazimika kuyapitisha maji hayo kwenye mtambo wa kutenganisha mafuta kabla ya kuyatoa, na kinachobaki hukabidhiwa bandarini. Kwetu, baharia anayetaka kufanya jambo jema mara nyingi hana pa kuyapeleka, na kama bandari haina tangi la kupokelea, mtu huyo anaambiwa atii sheria ambayo haijapewa nyenzo. Tangi la kupokelea maji ya ngama na oili chafu liwekwe katika kila gati kubwa, na huduma hiyo isitozwe kivyake bali iingizwe katika ada ya bandari, ili mwenye chombo asiokoe hata shilingi kwa kumwaga ziwani. Nchi kavu oili chafu ina wateja wake, hata mafundi seremala huipaka kwenye mbao kuzuia mchwa, kwa hiyo sehemu ya gharama itarudi. Sina shaka kwamba hatua hii moja ingeondoa mafuta mengi ziwani katika mwaka wa kawaida kuliko mpango wowote wa ajali kubwa.

Yako pia matangi ya nchi kavu. Ziwa lilipanda sana miaka ya karibuni, na mwaka 2024 maji yalifunika sehemu za mwambao katika nchi zote zinazolizunguka, bandari ya Bujumbura ikiwemo. Ghala la mafuta lililojengwa kwa kufuata ufuko wa miaka 20 iliyopita linapaswa kupimwa upya kwa kufuata ufuko wa sasa.

Suala la fidia, Mhariri, ndilo linaloninyima usingizi kuliko mengine, kwa sababu wananchi wengi wanaamini kwamba yupo atakayelipa. Baharini kuna utaratibu wa kimataifa wa mwaka 1992, ambao Tanzania ni mwanachama wake: mwenye meli ya mafuta huwajibika hata bila kuthibitishwa kosa, na madai yakizidi uwezo wa bima yake kuna mfuko unaochangiwa na wapokeaji wa mafuta. Mvuvi wa Kilwa au Bagamoyo anaweza kudai kupitia njia hiyo. Utaratibu huo, hata hivyo, unahusu vyombo vya baharini, na bima ya lazima ndani yake huanzia kwenye meli inayobeba zaidi ya tani 2,000 za mafuta kama shehena. Mvuvi wa Ujiji hayumo. Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004 inasema mchafuzi alipe, na ni sheria nzuri, lakini mchafuzi ambaye mali yake yote ilikuwa boti iliyozama hana cha kulipa, na mahakama haiwezi kukamua jiwe. Naomba wabunge wa mikoa ya Kigoma, Katavi na Rukwa walichukue jambo hili kama hoja yao ya pamoja: chombo chochote kinachobeba mafuta kama shehena katika ziwa kiwe na bima ya uchafuzi inayolingana na ujazo wake, na kiasi kidogo sana kwa kila lita inayovuka kiwekwe katika mfuko wa dharura wa ziwa. Kiwango hicho kipangwe pamoja na nchi jirani, la sivyo mzigo utahamia bandari isiyotoza na hatari itabaki palepale, kwa kuwa mafuta yakimwagika hayatauliza yalilipiwa ushuru wapi.

Chombo cha kukubaliana kipo tayari. Tanzania, Kongo, Burundi na Zambia zilitia saini mkataba wa usimamizi endelevu wa ziwa hili jijini Dar es Salaam tarehe 12 Juni 2003, wenye misingi ya kuchukua tahadhari mapema na ya mchafuzi kulipa, na Mamlaka ya Ziwa Tanganyika yenye makao yake Bujumbura imeundwa kwa ajili ya kuutekeleza. Kongo peke yake ina karibu asilimia 45 ya ziwa na Tanzania asilimia 41, kwa hiyo mazungumzo kati ya Kigoma na Kalemie yanaweza kubeba sehemu kubwa ya kazi. Ningependa waanze na jambo dogo: namba moja ya simu na mkondo mmoja wa redio wa kutoa taarifa ya mafuta majini, unaopokelewa saa zote katika nchi zote nne, na uhakika kwamba nahodha atakayetoa taarifa ya umwagikaji wa chombo chake mwenyewe hatakamatwa kabla mafuta hayajazuiwa. Watu huficha wanapoogopa, na saa zinazofichwa ndizo saa ambazo mafuta yanasafiri.

Nimalizie kwa ombi la karibu. Tangu mwaka 2024, shughuli za uvuvi ziwani zimekuwa zikifungwa kwa miezi 3, kuanzia Mei 15 hadi Agosti 15, ili samaki wazaliane. Wavuvi wetu wamelibeba hilo kwa shida ambayo nimeishuhudia majumbani mwao. Kipindi hicho kinaangukia katikati ya kusi, wakati mafuta yangeelekea kaskazini kwa kasi, na ndicho kipindi ambacho boti zimepumzika na mabaharia wake wako nchi kavu bila kipato. Napendekeza TASAC inayosimamia usafiri wa majini, Mamlaka ya Usimamizi wa Bandari, NEMC ambalo ni baraza la mazingira, Bodi ya Maji ya Bonde la Ziwa Tanganyika, mamlaka ya maji ya mji wetu na vikundi vya BMU, yaani vya wavuvi vya kusimamia mialo, wafanye zoezi la utayari ndani ya kipindi hicho kijacho, kuanzia Kibirizi hadi mpaka wa Gombe, wakitumia maganda ya machungwa au vipande vya mbao badala ya mafuta ili waone upepo unavipeleka wapi na baada ya saa ngapi. Wavuvi watakaoshiriki na boti zao walipwe posho, kwani siku ya tukio la kweli ndio watakaofika kwanza. Zoezi la siku 2 litaonyesha ni vizuizi vingapi vinahitajika, vihifadhiwe wapi, simu ipi haipokelewi na pampu ya maji inachukua muda gani kuzimwa, na matokeo hayo ndiyo yawe ukurasa wa kwanza wa tathmini ninayoiomba. Yabandikwe kwenye mbao za matangazo za kila mwalo kabla ya Agosti 15, ili wavuvi wayasome kabla ya kurudi majini.

Wako katika ujenzi wa Taifa,

Fundi mstaafu wa mitambo ya meli,
Ujiji, Kigoma.